Mafungu Yaliyorudi na Maji

Watu wa kijiji chetu hawakatai zawadi. Ukimletea mtu kitu mlangoni atakipokea kwa mikono miwili, atainama, atakusifu wewe na mama aliyekuzaa. Akishafunga mlango, ni shauri lake. Nimeishi hapa tangu nilipoolewa, nimewakata nywele wote, wake kwa waume, na sijawahi kusikia hata mmoja akimwambia jirani yake "sitaki". Adabu tunayo, tena ya kugawa. Lakini iko adabu nyingine inayouma kuliko tusi, na mimi niliiona ikielea kijitoni mbele ya saluni yangu.

Kijito chetu hushuka kando ya nyumba zote. Kinaanzia juu kwa Tokuji, mtengeneza tofu, ile jibini laini ya soya, ambaye lazima apate maji safi kabla yetu, na kinaishia kwa Kinue, nyumba ya mwisho karibu na daraja. Saluni yangu inatazamana na kwa Kinue. Kila nyumba ina jiwe lake la kuoshea mboga, na kila mtu anajua kwamba kinachotupwa juu hupita chini. Anajua, halafu siku moja anaamua kusahau.

Kinue ni mjane. Si mrefu, si mnene, na hana maneno mengi, ila akishika jambo halimtoki. Alikuwa mchumaji wa mboga za mwituni ambaye hakuna aliyemfikia, na zaidi ya yote alisifika kwa urui. Hiyo ni mboga inayochipua theluji ikianza kuyeyuka, nyeupe chini na kijani juu, inateleza mdomoni kama bamia. Mimi siipendi. Kinue anajua, mimi huniletea uyoga majani yakianza kuwa mekundu. Lakini wengine walikuwa wakiisubiri urui yake kama watoto wanavyosubiri sikukuu.

Mahali pa kuchumia alirithishwa na mama mkwe wake. Huku kwetu mahali pa urui ni siri, hata mume haambiwi. Yule bibi alimpeleka Kinue mlimani mwaka aliofariki, akamwonyesha mteremko chini ya kinamasi cha juu, akamwambia, "Hapa haioti mboga nyingine. Unaweza kuchuma umefumba macho."

Kinue akachuma hivyo miaka yote. Hakufumba macho, lakini kisu chake kilikata chenyewe, kwa mazoea, masikio yakisikiliza dubu na akili ikiwa kwenye mgongo unaouma. Mazoea yana tabu.

Maana juu ya mteremko ule, kwenye kinamasi, ndiko nyumbani kwa kobaikeiso. Hakuna mtoto wa hapa asiyeonywa kuhusu ua hilo. Ni sumu kuanzia mzizi hadi ncha, na ukilichemsha unapoteza kuni zako bure, sumu haitoki. Wakati wa joto linafika kiunoni mwa mtu, na halifanani na kitu kingine. Lakini likichipua hufanana na urui kama mtu na ndugu yake. Tofauti ni kwamba jani la urui lina kikonyo na uti mmoja katikati, na jani la kobaikeiso halina kikonyo, limekunjwa-kunjwa kama sketi ya shule. Kinue aliijua tofauti hiyo kuliko sisi sote. Ila asubuhi ile kulikuwa na ukungu, na macho yake hayakuwa kazini.

Ilikuwa siku ya kusafisha barabara. Kila mwaka theluji ikiisha, wanaume hutoka na majembe kuondoa mawe yaliyoporomoka, na wanawake tunapeleka chakula kwenye ukumbi wa kijiji. Kinue alileta beseni zima la urui aliyoichemsha na kuichanganya na miso, rojo ya soya iliyochachuka, na siki kidogo.

"Kinue, leta tena huku!" Tokuji alipiga kelele bakuli likiwa hewani. "Hawa wengine hawajui kula, wanatafuna kama wamekuja matangani."

"Umeshakula mara mbili, shemeji."

"Hizo nilikuwa naonja."

Tukacheka. Tokuji ni mtu wa mizaha tangu utotoni. Kwa hiyo aliposema, muda si mrefu baadaye, "Jamani, midomo yangu imelala," tulicheka tena. Akarudia, na safari hii yeye hakucheka. Jasho lilimtoka. Akasimama, akashika ukuta, akatapika mpaka akapiga magoti. Kisha mwingine, na mwingine. Wanaume sita walibebwa kwenda hospitali ya bondeni, na daktari alisema moyo wa Tokuji unapiga polepole mno, kama mtu aliyelala kazini. Katika beseni, chini kabisa, afisa wa afya aliyekuja kuchunguza alikuta kipande cha jani lenye mikunjo.

Hakufa mtu. Wote walirudi, Tokuji akiwa wa mwisho. Kinue alipita nyumba kwa nyumba, akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye mkeka, akaomba radhi. Kila nyumba ikamwambia, "Hakuna neno, inuka, yamepita." Ni Masu peke yake, mke wa Tokuji, aliyemwacha vile vile chini.

"Wewe ulikula?" Masu aliuliza.

"Sikula. Nilikuwa napakua."

"Basi. Mimi sina zaidi."

Neno hilo lilimwingia Kinue. Alilileta saluni kwangu, akakaa kwenye kiti akitazama kioo. "Ana haki, Ritsu. Mpishi gani huyo anayetanguliza tumbo la mwenzake?"

"Si ulikuwa unahudumia watu!"

"Ana haki," akasema tena. "Kata tu."

Mwanawe alimpigia simu kutoka mjini, akamwambia hamia huku, nyumba ipo, wajukuu wapo, mlima umekuchosha. Kinue akajibu kwamba wajukuu atawaona sikukuu. Akiondoka sasa, alisema, watu wataikumbuka siku moja tu ya maisha yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Kinue hakuwa tayari kufunga kiwanda.

Wakati wa joto alipanda mlimani kutazama. Huwa hatuendi kwenye maeneo ya urui msimu huo, kuna vichaka na dubu, na mboga imeshakomaa. Ndiyo maana hakuwa ameona kitu. Akawakuta kobaikeiso wamesimama katikati ya urui ya mama mkwe wake, majani wazi, bila aibu. Akawang'oa kwa jembe mpaka viganja vikachubuka.

Mwaka uliofuata theluji ikayeyuka, na Kinue akapanda tena, kengele ya kutishia dubu kiunoni, miwani mpya shingoni kwa kamba. Aliporudi alitandika gazeti barazani, akafungua kila chipukizi jani kwa jani, akiligeuza kwenye mwanga. Ilimchukua hadi mchana. Kisha akafunga mafungu kwa majani ya mpunga, fundo lake lile la kuzungusha mara mbili na kuficha mkia, kila fungu katika kikapu chake kidogo cha mianzi. Akapita nyumba zote. Alianzia kwa Masu.

Wote walipokea. Wakainama, wakasifu. Na kwa kuwa kikapu cha jirani hakirudi kitupu, siku hiyohiyo vikapu vyote vilirudi, hiki na mayai, kile na kopo la matunda, cha Masu na tofu ya moto. Siku hiyohiyo! Asiyejua atadhani ni ukarimu. Kati ya majirani wanaopendana kikapu hukaa, husahaulika, huombwa. Kukirudisha jua halijazama ni kulipa bili hotelini na kuondoka.

Jioni Kinue alikuwa akiosha mchele kijitoni. Nilikuwa mlangoni nafagia nywele. Fungu la kwanza likateremka, halijafunguliwa, likizunguka-zunguka juu ya maji. Akaliokota. Akalitazama lile fundo. La pili likaja, halafu la tatu na la nne yameshikana.

Nilidhani atalia. Mimi nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Kinue aliingia ndani, akatoka na chekeche kubwa la kuchujia tambi, akaliweka chini ya daraja ambapo maji hubana. Akayanasa yote. Akayachemsha, akakaa barazani uso kwa barabara, bakuli mkononi, akaanza kula.

"Karibuni chakula," alimwambia kila aliyepita.

"Ahsante, nimeshiba," wakasema, wakaongeza mwendo.

Alimaliza bakuli, akajipakulia jingine. Kesho yake alfajiri alikuwa barabarani na ufagio, akifagia mbele ya kila mlango, ili anayefungua dirisha aone kwamba yu hai na miguu inamtii.

"Kinue," nikamwita, "hao hawastahili! Wape mbwa!"

"Mbwa hawali urui."

"Basi acha kuwapelekea!"

"Niache nini, Ritsu? Wakila, nashukuru. Wakitupa, nakula. Wapi nimepata hasara?"

Alisema hivyo, lakini alikuwa akifagia mahali palepale alipokwisha kufagia. Iliniuma, na sitasema vinginevyo.

Ikawa desturi. Theluji ikiyeyuka, Kinue anapeleka, vikapu vinarudi mbio, mafungu yanateremka, Kinue anakula barazani. Ilifika mahali wateja wangu wakaanza kumtania. "Leo mvuvi wetu kapata ngapi?" alisema mmoja kichwa kikiwa kwenye beseni langu, na nikamwongezea maji baridi bila kumwuliza. Masu naye aliwahi kuniambia, macho yakiwa kiooni, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe hukumsikiliza mumeo akipumua usiku ule." Kweli sikumsikiliza.

Kilichomsumbua Kinue zaidi ni kwamba kobaikeiso hawakuisha. Aling'oa, wakarudi. Akaanza kuwawekea alama, kila mmoja kijiti cha mwanzi chenye kitambaa chekundu, ili wakichipua asiwe na haja ya kubahatisha. Lakini kila mwaka vijiti viliongezeka. "Ardhi pale imelowa," aliniambia. "Zamani haikuwa imelowa. Maji yanatoka wapi?"

Jibu lilikuja na maua yenyewe. Kobaikeiso hachanui kila mwaka. Anaweza kukaa miaka akiwa majani matupu, kisha mwaka mmoja, kama walioitana, wanachanua wote. Mwaka huo kijiji kizima hupanda na chakula kutazama. Basi mwaka ule ukawa mwaka wa maua. Tulitembea juu ya njia ya mbao inayokatiza kinamasi, na pande zote ni mashuke meupe, mazito, yamejaa nyuki, meupe mpaka macho yanauma. Uzuri wa kitu kile ni wa kukutia hasira ukikumbuka kilichomo ndani.

Tokuji na Masu walikuwa mbele yangu. Pale njia ya mbao inapopinda, ukingoni mwa kinamasi, Tokuji alisimama ghafla nusura nimgonge.

Kutoka miguuni pake mstari mweupe uliteremka mlima. Haukuwa mpana. Ulikwenda moja kwa moja kati ya vichaka vya kijani, kana kwamba mtu ameburuta gunia la unga lililotoboka, hadi kwenye mteremko mdogo chini kabisa. Na huko, katikati ya vitambaa vyekundu, kofia ya Kinue ilikuwa inainuka na kushuka na jembe. Siri ya mama mkwe wake, kijiji chote sasa kilikuwa kinaitazama.

Tokuji hakuwa anatazama kofia. Alitazama mawe yaliyopangwa chini ya mbao.

"Masu," akasema. "Yale mawe ni yangu."

"Mawe gani?"

"Tulipojenga upya njia hii. Maji yalikuwa yanapita juu ya mbao, nikasema tuyazibe hapa, yateremke kule porini. Nikaonekana hodari." Akakaa juu ya mbao. "Mimi ndiye niliyeyatuma."

Maji yaliteremka, na kobaikeiso, anayependa miguu iloe, akayafuata mwaka baada ya mwaka hadi kwenye urui. Hata mimi nisiyejua mimea nililiona hilo. Masu alikuwa ameshika chakula chao kilichofungwa kwenye kitambaa, akakikumbatia.

Tokuji akashuka. Nikamfuata, maana sikuwa radhi kulisikia jambo hili kwa kusimuliwa. Alimkuta Kinue, akavua kofia, akasema yote, akataka kupiga magoti matopeni.

"Simama, shemeji, utaikanyaga urui," Kinue alimwambia.

"Ni mimi, Kinue. Miaka yote hii umebeba mzigo wangu."

"Jiwe lako. Kisu changu." Alijipangusa jasho. "Mimi ndiye niliyekata bila kutazama. Hilo usininyang'anye."

"Sasa nifanye nini?"

"Hilo jembe jingine pale ni la nani?"

Wakapanda pamoja hadi ukingoni, wakaondoa mawe, wakachimba mfereji wa kuyarudisha maji kinamasini. Tokuji alikuwa akihema kama ng'ombe. Masu alikaa juu ya mbao, hakuteremka, hakufungua chakula. Mwishowe akapaza sauti.

"Tokuji! Moyo wako!"

"Upo hapa!" Tokuji akajibu bila kuinua kichwa. "Umepewa jembe!"

Watu wakacheka. Masu hakucheka.

Nilidhani mambo yameisha. Hayakuwa yameisha. Kujua maji yalitoka wapi si sawa na kutia kitu mdomoni. Tokuji alitangaza kila mahali kwamba theluji ikiisha atakula urui ya Kinue hadharani, na kila mara Masu alimjibu, "Labda uoe mke mwingine wa kukuzika." Tofu ni ya Tokuji, lakini jiko ni la Masu.

Theluji ikaisha. Mteremko ulikuwa umekauka, na vijiti vyekundu vingi vilisimama peke yake bila chipukizi chini yake. Hata hivyo Kinue alivaa miwani, akatandika gazeti, akafungua jani kwa jani kama miaka mingine. Akafunga mafungu. Nikamwambia nitamsindikiza. Akasema hapana, kisha akasema haya twende.

Masu alifungua mlango. Tokuji alikuwa nyuma yake, aproni imelowa, shingo ameinyoosha kama bata.

Kinue hakutoa kikapu. Alifungua lile fundo lake, akachomoa bua moja kutoka katikati, akalitafuna likiwa bichi, polepole, mpaka likaisha. Akameza.

"Mwaka ule sikula," akamwambia Masu. "Leo nimeanza mimi."

Kisha akalifunga tena fungu, akanyoosha kikapu kwa mikono miwili. Masu akakipokea kwa mikono miwili. Akainama. Akasema ahsante sana, umejisumbua. Mlango ukafungwa.

Tukakaa barazani kwa Kinue, chekeche likiwa chini ya daraja. Vikapu vikaanza kurudi, mayai, biskuti, matunda ya kopo. Mafungu nayo yakaja, machache kuliko zamani, lakini yalikuja, na kila moja Kinue aliliokota na kugeuza fundo kuona kama ni lile alilolifunga upya mlangoni kwa Masu. Hakuliona la Masu. Kikapu cha Masu nacho hakikurudi.

"Pengine amelitupa jalalani," Kinue alisema. "Au kikapu kimemchefua roho, amekichoma."

"Ungojee kesho."

"Mimi nangojea. Nani kasema siwezi kungoja?"

Asubuhi hakikurudi. Kinue alichemsha yale machache yaliyonaswa, akala barazani, akawakaribisha wapita njia. Nilikuwa nikimnyoa mzee mmoja ndevu nilipomwona Masu anashuka barabara, kikapu mkononi, uso umekunjwa kama mtu anayekwenda kudai. Nilimwacha mzee na povu shavuni, nikatoka nje.

Masu alisimama mbele ya baraza, akanyoosha kikapu. Kilikuwa kitupu. Hakuna tofu, hakuna yai, hakuna hata jani. Katika maisha yangu yote hapa sijaona mtu akirudisha kikapu kitupu, na tazama ni Masu, mwenye adabu kupita wote.

"Tokuji amekula zote," Masu akasema. "Nilimwangalia usiku kucha, nimeweka mkono kifuani pake. Anakoroma tu, mshenzi yule. Asubuhi nikasema na mimi nionje, nakuta amenibakizia maji ya kuchemshia." Akakitikisa kile kikapu. "Hivi kweli, Kinue. Unamjua mume wangu. Fungu moja?"

Kinue alikipokea kikapu kwa mikono miwili. Alikitazama ndani, utupu wote ule, machozi yakamdondoka humo bila kuyafuta. Akaweka bakuli chini na kuinuka.

"Ngoja," akamwambia, "nichukue miwani yangu."